Jina Langu Kwenye Chupa

Jina lake lilikuwa limesimama katikati ya meza ya baba yake, kati ya sahani ya ndagala, dagaa wa kwao, na bakuli la mchicha wa lengalenga. Herufi nyekundu, karatasi ya rangi ya udongo, na karatasi yenyewe imebandikwa kwenye chupa ya mvinyo.

ZABIBU.

"Soma," alisema Papa Théodore.

"Nimesoma, papa."

"Soma kwa sauti. Mama yako asikie."

"Zabibu."

"Ile ni jina ya nani?"

"Yangu."

"Hapana." Mzee alitikisa kichwa polepole, kama anavyokitikisa kanisani mtu anapotoa ushuhuda asiouamini. "Ile ni jina ya mama yangu. Wewe nilikuvalisha tu."

Zabibu angeweza kunyamaza. Angeinamisha macho, akalia kidogo, akaomba radhi, na chakula kingeliwa. Lakini yeye alikuwa fundi cherehani, na neno linalohusu nguo hakuweza kuliacha lipite hivihivi.

"Nguo ukishamvalisha mtu miaka ishirini na sita, papa, inachukua mwili wake. Huwezi kumvua Jumapili mchana mbele ya mgeni."

"Mimi si mgeni," alisema Placide.

Kwa kweli hakuwa mgeni, na hilo ndilo lililomuudhi Zabibu. Placide aliongoza kwaya ya kanisa lao, wiki nzima alisimamia walinzi wa maduka makubwa, na kwa miaka mitatu alikuwa akikaa kwenye kiti kilekile sebuleni humo akisubiri binti wa shemasi achoke kukataa. Zabibu alikumbuka kila mara aliyokuja. Alikumbuka hata siku aliyosema fundi cherehani ni kazi nzuri ya mwanamke kabla hajaolewa. Watu wengine huyasahau maneno ya namna hiyo. Yeye aliyakunja akayaweka kabatini, kila moja na tarehe yake.

Ilikuwa mwisho wa Julai, mwaka 2017, na baridi ya Johannesburg ilikuwa ile kavu inayopasua midomo. Meza haikuandaliwa kwa ajili ya Placide. Saa tisa kamili Yoeli Ndahani alitakiwa kubisha mlango wa nyumba hii ya Bellevue, kwa mara ya kwanza, ajionyeshe kwa wazazi kama desturi yao Wakongo inavyotaka. Mama Marthe aliingia jikoni akiwa bado na viatu vya kanisani. Lakini saa nane na nusu aliyebisha alikuwa Placide, na chini ya koti lake la suti alibeba kitu kilichoviringishwa kwenye gazeti.

"Niliikuta jana Braamfontein, kwenye lile soko ya Jumamosi," alieleza tena, kwa sauti ya mtu anayeumia kwa ajili ya wengine. "Kijana yako iko pale na meza yake, anauzia wazungu na batu ya université. Nimeona ile jina, roho yangu ikaanguka. Nikasema hapana, hii lazima shemasi aione."

"Ulifuata nini kwenye meza ya mvinyo, Placide?" Zabibu aliuliza.

"Nilikuwa kazini."

"Na chupa hii imefunguliwa."

Mama Marthe, aliyekuwa mlangoni mwa jikoni na mwiko mkononi, alisogea hatua moja kutazama.

"Nilitaka kuhakikisha kama ni pombe kweli," alisema Placide. "Siwezi kumushitaki mutu bila ushahidi."

"Ukahakikisha mpaka hapa?" Zabibu aliweka kidole kwenye kioo, chini kabisa ya mabega ya chupa. "Ushahidi ulikuwa mwingi."

"Zabibu," mama yake alionya, lakini aliugeuza uso haraka, na mwiko ulitikisika.

"Na ilikuwaje?" Zabibu alimuuliza Placide.

"Chungu," alisema Placide kwa hasira. "Iko chungu. Inakausha ulimi. Sijui batu wanapendea nini."

Papa Théodore aligonga meza kwa vidole viwili. "Tosha. Tusicheke hapa. Wewe, mutoto, uliniambia huyu kijana wa Tanzania anafanya kazi gani?"

"Anakausha matunda."

"Halafu?"

"Halafu yanaendelea."

"Yanaendelea kufika wapi?"

Hapo ndipo palipomuuma Zabibu, kwa sababu nusu ya ukweli aliyoisema mezani hapo miezi iliyopita ilikuwa yake mwenyewe. Alijua Yoeli anatengeneza mvinyo. Alijua kanisa la baba yake haliruhusu hata kuushika. Yeye mwenyewe hakuwahi kuonja tone, na hakuwa na hamu. Asichokijua ni hicho kilichosimama mezani. Alhamisi Yoeli alimwambia kwenye simu, kwa ile sauti yake ya kucheka chinichini, kwamba amemwandalia jambo litakalomshangaza. Zabibu alidhani ni pete.

*

Walikuwa wamefahamiana miaka miwili na nusu. Yoeli aliingia kibandani kwake pale soko la Yeoville na robota la neti begani, akataka ishonwe mifuko mipana ya kufunika vichaneo vya kuanikia. "Vichaneo vya nini, samaki?" "Zabibu." Alidhani anamwita, akaitika. Alipoelewa, alicheka mpaka akachoma kidole kwa sindano, na Yoeli akasimama pale akimtazama kama mtu aliyesahau alikotoka na anakokwenda.

Alitoka Dodoma. Babu yake alikuwa na ekari mbili za mizabibu Hombolo, na yeye alijua kupogoa kabla hajajua kusoma. Kule Cape alifanya kazi mashambani, halafu akapanda mpaka Johannesburg kumsaidia mzee mmoja Mtaliano, Ottavio, aliyeishi Bedfordview peke yake na kila mwaka akitengeneza gereji mwake mvinyo wa kwao, wa milima ya Verona. Amarone. Mvinyo huo haukamuliwi kutoka kwenye zabibu mbichi. Unazilaza kwanza kwenye vichaneo miezi mitatu, minne, mpaka zinyauke, nusu ya maji yake yaende na kilichobaki kiwe kizito na kikali. Wazee wa huko, alisimulia Ottavio, walikuwa wakiufanya mtamu kama asali, mpaka pipa moja lilipoachwa pembeni likasahaulika. Walipolifungua, sukari yote ilikuwa imejila yenyewe. Waliouonja wakaupa jina la ukali wake.

Mzee alinunua zabibu za Cape kila Machi, na baridi kavu ya Johannesburg ikamfanyia kazi ambayo kwao hufanywa na upepo wa mlimani. Alimfundisha Yoeli kila kitu. Kisha siku moja Yoeli akamwambia ataacha mapipa ya mbao, ataulaza mvinyo kwenye vyungu vya udongo vilivyofukiwa ardhini. Mzee Ottavio alimtukana kwa Kitaliano siku mbili nzima. Siku ya tatu alikwenda mwenyewe kumtafutia nta ya nyuki ya kusiriba ndani.

Na wazo la vyungu lilitoka wapi? Yoeli hakulitoa Verona wala Hombolo. Jumamosi moja chini ya paa la gereji, wakigeuza vichala kimoja kimoja na kutupa vilivyoota ukungu, Zabibu alimsimulia habari za bibi yake wa Uvira, aliyefukia nyungu nyuma ya nyumba mpaka shingoni, akazipiga kofi ubavuni na kuinama kusikiliza zinavyosema. Yoeli aliacha kugeuza. Mkono wake ulikuwa umelala juu ya kichala, na wa Zabibu juu ya kichala hichohicho, na hakuna aliyeuondoa.

"Zilikuwa zinasema nini?" aliuliza.

"Bibi alisema nyungu ikinung'unika, bado. Ikinyamaza, tayari."

"Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Bado unanung'unika?"

Mikono yao yote miwili ilikuwa inanata sukari. Zabibu alikumbuka hilo sasa, mbele ya chupa, akalikasirikia zaidi.

*

Saa tisa kamili mlango ulibishwa.

Yoeli alikuja peke yake. Koti lilimpwaya mabegani. Zabibu alilitambua, lilikuwa la marehemu Ottavio. Mkononi alishika kikapu kilichofunikwa kwa kitambaa cheupe, na usoni alikuwa na furaha ya mtoto anayeficha kitu mgongoni. Furaha hiyo ilifika hatua mbili ndani ya sebule, macho yake yakaiona chupa, ikafa.

"Shikamoo, mzee," alisema hata hivyo. "Shikamoo, mama."

Kwao Uvira hawaitikii salamu hiyo, na Papa Théodore hakujisumbua kujifunza siku ile. "Wazazi wako wako wapi? Mutu anakuja kuomba muke bila mukubwa?"

"Nilikuwa na mzee mmoja tu mji huu, baba. Tulimzika Aprili. Nimevaa koti lake."

Mama Marthe alishusha macho. Papa Théodore hakushusha.

"Keti. Hapana, usiketi. Hii ni kazi yako?"

"Ni yangu."

"Na ile jina juu yake?"

Yoeli alimgeukia Zabibu. Ni mtazamo ambao Zabibu angeujua hata gizani, ule wa siku ya neti, wa mtu aliyesahau anakokwenda. "Jina la kwao Ottavio siruhusiwi kuliandika," alieleza, na maelezo hayo yalikuwa kwa ajili ya Zabibu, si kwa mzee. "Amarone ni wa mabonde yale tu, nje ya hapo ni kosa. Nikakaa wiki nzima nikitafuta. Nikasema huu mvinyo ni wa zabibu, zabibu mbichi, zabibu kavu, kwetu zote ni neno moja. Na kila nilichofanya pale gereji nilikifanya nikiwa namfikiria mtu mmoja. Nikaona Mungu amenirahisishia."

"Usimutaje Mungu kwenye pombe," alisema Placide.

"Nisamehe, kaka. Wewe jana uliniambia unapeleka chupa kwa mgonjwa."

Redio ya wapangaji wa chumba cha nyuma ilipunguzwa sauti. Nyumba ile ilikuwa na kuta za mbao nyembamba, na watu walitaka kusikia vizuri.

Papa Théodore alisimama. Hakuwa mrefu, lakini alisimama kama anavyosimama madhabahuni. "Sikiliza, kijana. Mimi ni shemasi. Picha ya hii chupa iko kwenye simu ya kanisa nzima tangu asubuhi. Batu wanauliza kama shemasi Théodore ameuza mutoto wake kwa walevi. Kwa hiyo nitasema mara moja. Nyungu ngapi umefukia kule?"

"Kumi na mbili, mzee. Chupa hii ni ya mwaka jana. Hizo zimeanza kuchemka mwezi huu."

"Utazimwaga. Zote. Kesho, na mimi nitakuja kuona kwa macho. Ukimwaga, utarudi hapa na tutaongea sawa vile wanaume. Ukikataa, utatoka kwa huu mlango, na huyu mutoto atasema hapa, mbele ya mama yake, kwamba hakujui. Na hatakujua."

Mafuta ya ndagala yalikuwa yameganda sahanini.

Zabibu alimtazama Yoeli. Aliijua kazi iliyokuwa inapita kichwani mwake wakati ule: Machi wakipakua makreti, Aprili wakirudi kutoka makaburini na kwenda moja kwa moja kugeuza vichala kwa sababu ukungu haujui msiba, Juni wakizikanyaga zabibu kwa miguu, maji yake ya baridi yakiwakata vifundo. Aliona vyote vikipita, kisha akaona vikitua.

"Nitamwaga," alisema Yoeli.

Placide alishusha pumzi.

"Nitavimwaga vyote, mzee. Udongo utafyonza, mwaka kesho nitatafuta kazi nyingine. Mvinyo naweza kuishi bila huo. Yeye siwezi."

Katika hadithi nyingine, hapo ndipo msichana anaanguka kifuani kwa mpenzi wake. Zabibu alisikia joto likimpanda kutoka miguuni, na hakuwa amewahi kumpenda Yoeli kama alivyompenda nukta ile, wala hakuwa amewahi kumkasirikia hivyo.

"Humwagi," alisema.

"Zabibu..."

"Nani amekuambia ni vyako peke yako? Neti alishona nani? Kila Jumamosi nani alikuwa juu ya ngazi? Vyungu ulivitoa wapi, kwenye kichwa chako? Unatoa sadaka kitu cha watu wawili bila kumuuliza wa pili, halafu unataka nilie kwa furaha."

"Nilidhani..."

"Ulidhani. Na jina pia ulidhani. Mtu anatafuta jina wiki nzima na mwenye jina yuko soko la Yeoville, simu iko hewani, na hakumuuliza. Unajua leo nimesomeshwa jina langu kama mtoto wa darasa la kwanza?"

"Ni kweli," alisema Yoeli. "Hilo ni kosa langu. Sina la kulifunika."

"Umeona?" Papa Théodore alisema. "Hata mutoto mwenyewe..."

"Bado sijafika kwako, papa."

Hakuwahi kusema na baba yake hivyo. Mama Marthe aliweka mwiko chini.

"Bibi Zabibu," Zabibu alimuuliza baba yake, "alikuwa anauza nini pale Uvira?"

"Nyamaza."

"Naulizia jina langu. Umesema ni la mama yako. Mama yako alikuwa anauza nini?"

"Ndizi."

"Za kumenya au za kukamua?"

Zabibu aliendelea, kwa sababu kumbukumbu hizo zilikuwa kabatini muda mrefu mno. "Nilikuwa na miaka tisa tulipoondoka, papa, si mwaka mmoja. Nakumbuka majani ya migomba. Nakumbuka mtama ukikaangwa. Nakumbuka wanaume wakikaa ukutani na mirija yao, na bibi akimfukuza aliyezidisha. Kasiksi ya Zabibu, pombe ya ndizi. Bandarini kote walikuwa wanajua, hawakuhitaji karatasi kwenye chupa. Sare zako za shule zilitoka kwenye nyungu zile. Na ile Biblia yako," alinyoosha mkono kwenye kabati, ilipolala Biblia kubwa yenye jalada la ngozi lililochakaa, "siku alipokupa ilikuwa inanuka ndizi. Wewe mwenyewe ulinihadithia. Ulikuwa unacheka."

"Ile ilikuwa zamani. Hatukuwa tunajua."

"Yeye alijua. Alikuwa anasali kila siku na alikuwa anafukia nyungu zake, na hakukuomba umuonee haya. Leo unataka kumwaga kazi yake na kuniambia unalinda jina lake."

Zabibu alivuta kiti, akaketi mbele ya chupa. Aliingiza ukucha wa kidole gumba chini ya pembe ya karatasi, akaanza kuibandua. Alifanya kama anavyofumua mshono wa mteja, taratibu, bila kuchana. Karatasi ilitoka nzima. Aliinyoosha kwenye kitambaa cha meza, kisha akaiweka mbele ya baba yake.

"Jina la mama yako hilo hapo. Litunze unavyotaka. Langu nimelivaa, na sitalibandika mahali kwa sababu ya mwanamume yeyote, wala sitalibandua kwa sababu ya mwanamume yeyote." Akageuka. "Placide. Ulisema huu mvinyo ukoje?"

Placide alitazama huku na huku. "Chungu."

"Yoeli. Marehemu Ottavio alisema jina la kwao lina maana gani?"

"Amaro ni chungu. Amarone..." alisita, "ni kama kusema chungu kikubwa. Chungu hasa."

"Na wa kwako unalala ndani ya nini?"

Wakongo wale husema nyungu, kwa hiyo Placide na mzee hawakuona kitu. Yoeli ndiye aliyekiona kwanza. Kilimwanzia machoni, kikashuka mdomoni, mpaka akalazimika kuinamisha uso ndani ya kola ya koti la marehemu.

"Chungu," alisema.

"Basi andika hivyo."

"Chungu ndani ya chungu," alinong'ona Mama Marthe, ambaye aliuza vitenge na wanawake wa Tanga miaka kumi na alijua maneno yao. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Alichukua sahani safi, akatia ugali, akatia ndagala, akaiweka mezani mbele ya Yoeli. "Mgeni ametoka mbali," alisema, bila kumtazama mumewe.

"Marthe, kama anakula hapa..."

"Bedfordview ni mbali, Théodore."

Yoeli aliitazama sahani, akamtazama mzee. Alinawa, akamega tonge moja, akala kwa kusimama, akamshukuru mama. Kilichobaki hakukigusa. "Sitakula chakula cha nyumba ambayo mwenyewe hajanikaribisha," alisema kwa upole. "Lakini sitamwaga, mzee. Nilisema nitamwaga, nikakosea. Si vyangu peke yangu." Aliweka kikapu sakafuni na kufunua kitambaa. Zabibu kavu, nyeusi, zimesinyaa, zinang'aa kama shanga. "Hizi hazikuchachushwa. Ni matunda tu. Nilizichagua moja moja."

"Toka," alisema Papa Théodore. Lakini macho yake yalikuwa kwenye karatasi.

Yoeli alitoka. Zabibu alichukua chupa isiyo na jina, akamwekea Placide mapajani. "Ushahidi wako," alisema, "mpelekee mgonjwa." Akavuta shali kwenye msumari na kutoka nyuma ya mpenzi wake, na mlango hakuubamiza. Aliuacha wazi.

*

Walikuwa wamefika kwenye geti dogo la chuma waliposikia miguu kibarazani.

"Wewe kijana."

Waligeuka wote wawili. Papa Théodore alisimama juu ya ngazi, bila koti, lebo ikiwa bado mkononi. Upepo ulimchezea mikono ya shati. Alionekana kama mtu aliyetoka kutafuta kitu na hataki kusema amekipoteza.

"Umesema zimeanza kuchemka. Juu ya nini mwezi huu? Hii baridi inaua."

"Ndiyo shida yangu, mzee. Usiku zinanyamaza kabisa. Asubuhi nazifunika magunia."

"Magunia," alirudia kwa dharau. "Umefukia mpaka wapi?"

"Shingoni."

"Na chini umetia nini?"

"Mchanga."

Mzee alifunga macho kama aliyesikia upuuzi kanisani. "Majivu," alisema. "Majivu ya moto, chini na pembeni, mukono muzima. Mama alikuwa anatia majivu. Mutoto alikuwa mudogo, hakuona." Aliitazama lebo mkononi. "Sijakubali kintu."

"Nimesikia, mzee."

"Sijakubali," alirudia, akaingia ndani. Mlango aliufunga. Pazia la dirisha halikufungwa.

Yoeli alisimama akishika geti. "Turudi?" aliuliza.

"Hapana. Hajatuita. Ametoa majivu tu." Sauti ya Zabibu ilitetemeka kwa mara ya kwanza siku ile, akaikaza. "Tutayapata kwa wachoma nyama wa Raleigh Street. Saa hizi wanazima moto."

Walitembea mpaka kwenye robot, ile taa ya magari ya kona. Ilikuwa nyekundu na hakuna gari lililopita, lakini walisimama. Ndani ya koti la marehemu, mkono wa Yoeli uliutafuta wake. Zabibu aliuacha utafute kidogo.

"Lebo mpya," alisema, "utanionyesha kabla haijachapishwa."

"Nitakuuliza kila kitu. Nikitaka kubadilisha kizibo, nitakuuliza."

"Usinichekeshe, bado nimekasirika."

"Najua. Unanung'unika." Alimtazama, na robot ikawa kijani, na hakuna aliyevuka. "Naweza kuuliza jambo moja sasa hivi?"

"La lebo?"

"Si la lebo."

Zabibu aligeuka kutazama walikotoka. Pazia la dirisha la baba yake lilikuwa bado wazi. Juu ya ukuta wa ua vichwa vitatu vya wapangaji vilijificha na kurudi. Placide alikuwa getini na chupa yake kwapani, hajui aende wapi.

Alivua shali kichwani ili asikie vizuri, na ili aonekane.

"Uliza," alisema. "Lakini uliza kwa sauti. Nataka wasikie mpaka dirishani."

Yoeli akauliza.